Kiapo na Dhamana: Kiongozi Ajifunge Kabla ya Kushika Mali ya Watu

Somo kwa kamati za wakimbizi wa ndani, wazee wa vijiji na viongozi wa Mutshatsha



Katika mazungumzo yetu na familia zilizohamishwa na wenyeji waliozipokea, swali moja hurudi kila mara: «Tutajuaje kama huyu tuliyemkabidhi mali yetu hataila?» Swali hili huulizwa juu ya wakubwa wa Leta, na pia juu ya mama anayetunza kisanduku cha kamati ya maji. Katika somo hili tutaangalia njia mbili za zamani ambazo watu wametumia kujibu swali hilo. Ya kwanza ni kiapo, ambacho wengine kwetu hukiita kilapo. Ya pili ni dhamana.

Lengo la somo: Mwishoni, kila kikundi kiweze (1) kueleza tofauti ya kiapo na dhamana, (2) kujua sheria ya nchi yetu inadai nini kwa viongozi, na (3) kuandaa kiapo na dhamana ndogo kwa ajili ya kamati yake.

Muda: Mikutano miwili ya saa moja na nusu. Asiyejua kusoma asomewe na jirani yake. Sehemu yenye mifano ya karatasi isomwe polepole, mara mbili.

1. Kwa nini somo hili katika Mutshatsha?

Teritwari ya Mutshatsha ni moja ya teritwari tano za jimbo la Lualaba, pamoja na Dilolo, Kapanga, Lubudi na Sandoa. Jimbo hili lilizaliwa mwaka 2015, Katanga ya zamani ilipogawanywa. Reli inayotoka Kolwezi kwenda Dilolo na mpaka wa Angola inapita kwetu, na pamoja na reli hiyo zimepita vita na safari nyingi za watu. Mwezi wa Machi 1977 wapiganaji waliotoka Angola waliiteka Mutshatsha. Mwezi uliofuata jeshi la Zaire, likisaidiwa na askari wa Moroko, liliirudisha. Wakati huo familia nyingi zilikimbia, na nyingine zilivuka mpaka wa Angola. Miaka ya 1992 na 1993 familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Kolwezi na Likasi, na nyingi zililala stesheni zikingoja treni. Katika miaka ya karibu migodi imepanuka na kuwaondoa watu katika nyumba na mashamba yao. Mwaka 2023 mashirika ya haki za binadamu yalitoa ripoti juu ya familia zilizohamishwa kwa nguvu huko Kolwezi na kando yake.

Pia fedha zimeongezeka. Kodeksi ya madini, iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018, inagawa redevansi ya madini hivi: asilimia 50 kwa serikali ya Kinshasa, asilimia 25 kwa jimbo, asilimia 15 kwa mji, komini, sekta au usultani ambamo mgodi unafanya kazi, na asilimia 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Shaba hulipiwa redevansi ya asilimia 3.5, na kobalti, iliyotangazwa mwaka 2018 kuwa madini ya pekee kwa taifa, asilimia 10. Mgodi wa Kamoa-Kakula, ulioanza kutoa shaba mwezi wa Mei 2021, uko upande wetu, magharibi ya Kolwezi. Ndiyo maana ofisi ya sekta ambayo zamani ilikosa hata karatasi inaweza leo kupokea fedha nyingi. Sheria inadai pia kila kampuni itoe asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya jamii zinazozunguka mgodi.

Mahali penye wageni wengi, kumbukumbu za kufukuzana na fedha mpya, wizi wa mtu mmoja unaweza kuwa moto wa kijiji kizima. Ndiyo sababu tunafundisha somo hili kama somo la amani. Halihusu hesabu tu.

2. Kiapo ni nini?

Kiapo ni ahadi inayosemwa kwa sauti, mbele ya mashahidi, na mtu anayepokea kazi kabla hajaianza. Kina sehemu nne:

a) Jina la anayeapa. Mtu hujitaja mwenyewe. Hasemi «sisi».
b) Wale wanaosikia. Rais wa Jamhuri huapa mbele ya Korti ya Katiba, na huapa mbele ya Mungu na taifa. Mtunza mfuko wa kamati huapa mbele ya wenye mfuko.
c) Mambo yanayoahidiwa. Yawe machache na ya wazi, ili kila mmoja aweze kusema: «Hili umelifanya, lile umelivunja.»
d) Siku. Kabla ya siku hiyo hana mamlaka. Tangu siku hiyo anaweza kuulizwa.

Kiapo si nini? Tuseme wazi, kwa kuwa hapa kwetu maneno haya huchanganywa. Kiapo cha kazi si mwavi. Mwavi na vipimo vya namna hiyo hutazama nyuma: kitu kimepotea, mtu ameshukiwa, naye analazimishwa kunywa au kugusa kitu ili «aonekane». Watu wamekufa kwa njia hiyo, na wengi hawakuwa na kosa. Kiapo cha kazi hutazama mbele. Hakuna aliyeshukiwa, na mtu huapa kwa hiari akiwa na heshima yake yote. Kamati isiruhusu hata siku moja kiapo kigeuzwe kuwa kipimo cha kumtafuta mwizi.

Tena, wako ndugu ambao imani yao inawakataza kuapa. Wasilazimishwe. Waseme «ninathibitisha» au «ninaahidi» mahali pa «ninaapa». Uzito ni uleule, maana ahadi ni deni.

3. Dhamana ni nini?

Kiapo kinashika dhamiri. Dhamana inashika mali. Mtu anaweza kuapa vizuri, kisha fedha zikapotea kwa uzembe, kwa ugonjwa au kwa tamaa. Hapo wenye mali watauliza: nani atalipa? Dhamana ni jibu lililotayarishwa mapema: ni mali iliyowekwa, au mtu aliyejifunga kulipa, ikiwa mwenye kazi hatalipa.

Neno kosyo, au garanti, linatumika kwetu kwa mambo mengi. Tuyatenganishe:

• Garanti ya nyumba: miezi ya kodi ambayo mpangaji hulipa kwanza. Inalinda mwenye nyumba.
• Kosyo ya uchaguzi: fedha ambazo mgombea hulipa ili apokelewe. Harudishiwi. Hiyo haimlindi mwananchi juu ya wizi wa kesho, hata kama mgombea amelipa nyingi.
• Kosyo ya parke: fedha za kumwachilia kwa muda mtu anayengoja kesi. Inahakikisha atarudi akiitwa.
• Dhamana ya kazi: ahadi ya kufidia mali ya watu ikiwa aliyekabidhiwa ataipoteza. Hii ndiyo tunayosema katika somo hili.

Kiongozi akikuambia, «Mimi nimekwisha kulipa kosyo,» muulize kwa heshima: «Baba, ni kosyo gani?»

4. Sheria ya nchi yetu inasema nini?

Katiba ya tarehe 18 Februari 2006 inaanza na mkubwa kuliko wote. Kifungu cha 74 kinamtaka Rais aape mbele ya Korti ya Katiba katika siku kumi baada ya matokeo ya mwisho ya uchaguzi kutangazwa. Kwa maneno yetu, anaahidi kushika Katiba na sheria, kulinda uhuru na mipaka ya nchi, kutunza umoja, kuongozwa na faida ya wote na heshima ya haki za mtu, kutumia nguvu zake zote kwa ajili ya amani, na kuwa mtumishi mwaminifu wa watu. Angalieni neno hilo: mtumishi. Ikiwa Rais huapa kuwa mtumishi, mkuu wa sekta hawezi kukasirika akiulizwa.

Kifungu cha 99 kinaongeza jambo linalofanana na dhamana. Rais na mawaziri wa serikali ya taifa wanapaswa, kabla ya kuanza kazi na wakati wa kuimaliza, kupeleka kwa Korti ya Katiba orodha ya mali ya familia: nyumba, viwanja, mashamba, migodi, hisa na vingine. Mali ya mke au mume, ya watoto wadogo na ya watoto wakubwa wanaotunzwa nao huhesabiwa. Asiyetoa orodha hiyo katika siku 30 huhesabiwa kuwa amejiuzulu. Maana yake ni rahisi: tujue uliingia na nini, ili tujue unatoka na nini.

Kwa watumishi wengine wa Leta, dekreti-sheria ya tarehe 3 Oktoba 2002 iliweka kanuni za mwenendo. Kifungu cha 193 cha Katiba kinasema utumishi wa umma hauna chama wala upendeleo, na hakuna mwenye ruhusa ya kuugeuza kwa faida yake.

Juu ya fedha, sheria ya tarehe 13 Julai 2011 inatenganisha watu wawili: anayeamuru malipo na anayelipa. Katika sekta, mkuu wa sekta ndiye anayeamuru matumizi, lakini si yeye anayetakiwa kushika fedha. Mhasibu wa umma naye huwajibika yeye mwenyewe na kwa mali yake juu ya fedha alizokabidhiwa. Hiyo ndiyo roho ya dhamana: pengo la kasha linafika mpaka mfuko wake. Korti ya Hesabu ndiyo yenye kazi ya kuhukumu hesabu hizo. Na kodeksi ya adhabu, katika kifungu cha 145, inampa mtumishi anayekula mali ya umma adhabu ya kazi ya nguvu ya mwaka 1 mpaka 20.

Sheria ya tarehe 7 Oktoba 2008 ilitazamia kwamba mkuu wa sekta achaguliwe na baraza la sekta. Hata katika uchaguzi wa Desemba 2023 mabaraza ya sekta hayakupigiwa kura, na msimamizi wa teritwari yeye huteuliwa kutoka juu. Kiongozi asiyechaguliwa nasi anaweza kuona kwamba hakutuahidi kitu. Kwa hiyo ni vema wazee na kamati wamwombe, kwa adabu, aseme ahadi zake mbele ya watu siku anapopokelewa. Sheria haimkatazi, na sijui kiongozi mwema atakataa kwa sababu gani.

5. Kwingineko hufanya nini?

Katika Kenya, Katiba ya tarehe 27 Agosti 2010 iliunda kaunti 47. Kifungu cha 74 kinasema hakuna anayeshika kazi kubwa ya serikali kabla ya kula kiapo au kutoa uthibitisho. Kifungu cha 76 kinasema zawadi anayopewa kiongozi katika shughuli ya umma ni ya Jamhuri, na si yake. Katika Tanzania, sheria namba 13 ya mwaka 1995 inawataka viongozi wa umma waandike mali na madeni yao. Katika kaunti nyingi za Marekani, mtunza hazina haruhusiwi kuanza kazi kabla ya kuapa na kuleta karatasi ya dhamana, ambayo mara nyingi hutolewa na kampuni ya bima. Fedha zikipotea, kampuni huilipa kaunti, kisha humfuata yule mtunza hazina ili arudishe.

Hata hivyo, katika nchi hizo zote bado wako viongozi waliokula mali ya umma. Kiapo na dhamana haviondoi tamaa. Vinafanya kosa lionekane mapema, lipimwe, na liwe na mwenyewe.

6. Mfano wa kufundishia

Mfano huu tumeutunga kutokana na mambo mengi tuliyosikia. Hauhusu kijiji wala mtu fulani. Usomwe kwa sauti.

Karibu na stesheni ndogo ya reli wanakaa wenyeji na familia zilizokuja kutoka mbali. Familia 60 zilikubali kuchanga franka 2.000 kila mwezi kwa ajili ya pampu ya maji. Walimchagua baba mmoja, mgeni, mwenye kuandika vizuri, atunze fedha. Walimpigia makofi, basi. Hakuna aliyemwambia afanye nini na asifanye nini.

Baada ya miezi mitano pampu iliharibika. Kisandukuni kilipaswa kuwa na franka 600.000. Zilipatikana 400.000. Yule baba alisema: «Mke wa jirani alizidiwa hospitalini wakati wa kuzaa. Nilimkopesha mume wake. Aliahidi kurudisha.»

Jioni ile neno lilizunguka: «Watu wa kabila lake ndivyo walivyo.» Kesho yake kijana mmoja aliwafukuza wasichana wa wageni pale pampuni. Siku ya tatu wageni walisema hawatachanga tena. Siku ya nne mzee mmoja alitamka maneno ambayo watu walikuwa hawajayasikia tangu miaka ya 1990: «Warudi kwao.»

Tusimame hapa. Ni nini kilichopotea? Franka 200.000. Nani alizitoa? Mtu mmoja. Nani anadaiwa? Watu wote wanaosema lugha yake, pamoja na wasichana wenye ndoo.

Tuna methali inayosema: samaki mmoja akioza, wote huoza. Wengi huitumia kuhukumu kabila zima. Lakini binadamu si samaki wa kapu moja. Kosa la mtu lina jina lake, kiasi chake na siku yake. Mahali ambapo jina, kiasi na siku havikuandikwa, hasira hutafuta mlipaji mwingine, nayo humpata yule aliye dhaifu. Hapo ndipo kiapo na dhamana vinapoleta amani: vinaandika mapema ni nani atakayeulizwa, ili wengine wote wasiulizwe.

Tuone sasa namna kijiji kile kingeweza kufanya tangu mwanzo. Yule baba angeapa kwamba hatakopesha fedha za pampu, hata kwa shida kubwa, bila sahihi ya kamati. Mume wa mgonjwa angekuja, naye angemjibu: «Ndugu yangu, nimeapa. Twende pamoja kwa mwenyekiti usiku huu.» Kamati ingeweza kutoa msaada, na ungeandikwa. Mama angetibiwa, na hakuna ambaye angeitwa mwizi. Kiapo kingemlinda pia yeye aliyeapa, maana kingempa neno la kusema mbele ya mtu anayelia.

7. Hatari tatu

Hatari ya kwanza: dhamana kuwafungia maskini mlango. Tukisema «mtunza mfuko aweke mbuzi watatu au bati 20», aliyekimbia bila kitu hatachaguliwa kamwe. Kanuni Elekezi za Umoja wa Mataifa za mwaka 1998 juu ya wakimbizi wa ndani zinawapa haki ya kushiriki katika mambo ya umma, na zinataka wanawake washiriki katika kupanga na kugawa misaada. Kwa hiyo dhamana ipimwe kwa fedha zinazoshikwa. Isipimwe kwa utajiri wa mtu. Punguzeni fedha zinazokaa mkononi, na dhamana itakuwa ndogo.

Hatari ya pili: kumfunga mdhamini asiyeelewa. Bibi anaweza kuweka alama ya kidole kwa kumpenda mjukuu wake, kisha akapoteza shamba. Nchi yetu iko chini ya sheria za OHADA tangu Septemba 2012. Sheria yao ya dhamana, ya tarehe 15 Desemba 2010, inataka dhamana ya mtu iandikwe, isainiwe, na mdhamini mwenyewe aandike kwa mkono wake kiasi cha juu atakacholipa, kwa maneno na kwa tarakimu. Asiyejua kuandika asaidiwe na mashahidi wawili, ambao wanathibitisha kwamba ni yeye na kwamba ameelezwa maana ya jambo analolifanya. Mdhamini halipi mpaka aliyedhaminiwa ameshindwa kulipa, na anapaswa kuarifiwa mara mwenzake anaposhindwa. Kamati ndogo ya kijiji ifuate mfano huo.

Hatari ya tatu: kiapo kuwa sherehe tu. Kuna nguo nzuri, picha na soda, kisha hakuna anayekumbuka maneno. Kiapo kisichobandikwa ukutani na kisichosomwa tena ni kelele. Kisomwe upya kila miezi mitatu, siku ya kuonyesha hesabu.

8. Namna ya kufanya katika kamati yenu

Hatua ya 1. Tenganisheni kazi. Anayeamuru, anayeandika na anayeshika fedha wawe watu watatu. Vikundi vingi vya kuweka na kukopeshana hutumia kisanduku chenye kufuli tatu, na kila ufunguo hukaa kwa mtu wake. Njia hiyo ilianza Niger mwaka 1991 na imeenea Afrika nzima. Funguo tatu zigawanywe kwa wenyeji na wageni, kwa wanaume na wanawake. Anayetunza kisanduku asiwe na ufunguo.

Hatua ya 2. Wekeni mpaka. Kwa mfano: kisanduku kisizidi franka 100.000. Zinazozidi ziende benki au zinunue vifaa mara moja.

Hatua ya 3. Chagueni wadhamini wawili, kila mmoja kwa nusu ya mpaka huo, yaani franka 50.000. Mmoja atoke kwa wageni, na mmoja kwa wenyeji. Jambo hili ni dogo kwa fedha, lakini ni kubwa kwa amani. Mwenyeji anayemdhamini mgeni ametangaza mbele ya kijiji: «Huyu ninamjua.» Baada ya hapo ni vigumu kusema «watu wale». Na kwa kuwa sheria huhesabu kwamba mdhamini anaweza kudaiwa deni lote alilolidhamini sawasawa na mdeni, andikeni wazi kwamba kila mdhamini analipa fungu lake tu, na kwamba mwenye kazi ataombwa kwanza.

Hatua ya 4. Andikeni kiapo. Mfano:

«Mimi ……, niliyechaguliwa leo kutunza mfuko wa ……, ninaapa mbele yenu wote: nitapokea na kutoa fedha kwa maandishi na kwa idhini ya kamati tu, sitakopa wala kukopesha fedha hizi, hata kwa ndugu yangu, nitamhudumia mwenyeji na mgeni kwa kipimo kimoja, nitaonyesha kisanduku na kitabu kila mwisho wa mwezi, na siku yoyote kamati itakapoomba, nikikosea nitasema mwenyewe kabla sijaulizwa, na nikimaliza kazi nitakabidhi vyote katika siku saba.»

Hatua ya 5. Andikeni dhamana. Mfano:

«Mimi ……, ninayekaa ……, ninamdhamini …… kwa kazi ya mtunza mfuko. Ikiwa kutakuwa na pengo naye ameshindwa kulijaza katika siku 30, nitalipa mpaka franka hamsini elfu (50.000), si zaidi. Dhamana hii inaanza tarehe …… na inakwisha tarehe ……. Nimeelezwa maana yake. Sahihi au alama ya kidole. Mashahidi wawili.»

Kila dhamana iwe na mwisho. Mdhamini akitaka kutoka kabla ya tarehe, aarifu mwezi mmoja mbele, kisanduku kihesabiwe, naye awe huru kwa yatakayofuata.

Hatua ya 6. Hesabuni hadharani. Kila mwezi, siku moja, saa moja, mahali pamoja. Dhamana isiyo na hesabu ya mwezi huchelewa. Pengo la franka 5.000 hulipwa kwa mazungumzo, la franka 500.000 huvunja kijiji.

9. Na ikiwa mambo yameharibika?

Kwa kamati ndogo: (a) hesabuni mbele ya mashahidi na andikeni kiasi cha pengo, (b) msikilizeni mwenye kazi kwanza, bila kelele, (c) tofautisheni uzembe, mkopo bila ruhusa, na wizi, (d) mpeni siku zilizoandikwa, (e) kisha waiteni wadhamini, (f) tangazeni mwisho wa jambo kwa sauti ileile iliyotangaza mwanzo wake. Watu husikia habari ya wizi, lakini mara nyingi hawaambiwi kwamba deni limelipwa.

Kwa kiongozi wa Leta: msichome ofisi, msimpige, msiwatukane watu wa kwao. Kifungu cha 27 cha Katiba kinampa kila Mkongomani haki ya kuandikia mamlaka, peke yake au pamoja na wengine. Mamlaka inapaswa kujibu katika miezi mitatu, na hakuna ruhusa ya kumshtaki mtu kwa sababu ameandika. Barua iwe fupi: tuliahidiwa nini, siku gani, kiasi gani, tunaomba nini. Iandikwe nakala mbili, na moja ipigwe muhuri wa kupokelewa. Ikiwezekana isainiwe na wageni na wenyeji pamoja. Barua ya kabila moja huweza kuitwa malalamiko ya kabila. Barua ya watu wote wa sekta si rahisi kuiita hivyo.

Maswali ya kuzungumzia

1. Je, kiongozi yeyote wa mahali petu aliwahi kuahidi jambo mbele yetu? Nani anakumbuka maneno yake?
2. Katika mfano wa pampu, mtunza mfuko alikuwa mwizi? Ungefanya nini ungekuwa mahali pake usiku ule?
3. Katika kikundi chetu, ni nani hawezi kuchaguliwa kwa sababu ya umaskini? Tubadilishe nini ili aweze?
4. Mwenyeji: uko tayari kumdhamini mgeni mmoja? Mgeni: uko tayari kumdhamini mwenyeji? Kwa kiasi gani?
5. Ni maneno gani matatu tungetaka mkuu wa sekta aseme mbele yetu juu ya fedha za redevansi?

Kazi ya nyumbani: Kabla ya mkutano ujao kila kamati ihesabu kisanduku chake mbele ya watu watano wasio wa kamati, iandike kiasi, na ilete rasimu ya kiapo chake.

Tulipofundisha somo hili, mama mmoja alituambia hana mali ya kuweka dhamana, ana jina lake tu. Tulimjibu kwamba kiapo huanza hapo hapo, kwenye jina. Kinachobaki ni kazi yetu sote: kufanya mpaka wa kisanduku uwe mdogo kiasi ambacho jina hilo, pamoja na majina ya majirani wawili, litatosha.